Boni Saba za Kopo la Soko

Papa Paluku alikufa siku ya Jumanne, na habari ilinikuta kazini, kwenye kiti kilichokuwa chake. Mtu wa mapokezi alichungulia mlangoni akasema, "Muzee wako amekufa, ule wa zamani," nami nikasema asante, nikamaliza kujumlisha ukurasa niliokuwa nao. Jumla ilikuwa sahihi. Niliikagua mara tatu, kama ninavyokagua kila kitu, hata mlango wa nyumba, hata jina langu mwenyewe ninapoliandika kwenye fomu. Kisha nilikwenda kwenye matanga huko Keshero, nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, na kabla sijafuta vumbi jeusi kwenye viatu, mjane wake, Mama Solange, alinijia na daftari mkononi. "Kahindo, weye njo komptable," aliniambia, yaani mimi ndiye mhasibu. "Shika kahye ya michango. Bandugu bananichanganya." Nikalipokea. Sikulia. Waliokuwa karibu walidhani nina moyo wa nguvu, na sikuwasahihisha. Tangu mwaka ule niliofanya kazi chini ya Papa Paluku, miaka sita iliyopita, kuna mahali ndani yangu ambapo hapapati joto, na nimezoea kuishi nikipazunguka, kama tunavyozunguka jiwe la volkano lililobaki katikati ya uwanja kwa sababu hakuna aliyeweza kulivunja.

Habari za nyumbani kwetu sitazieleza, hazisaidii. Inatosha kusema kwamba mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili na uhasibu sikuusomea mahali popote. Nilijifunza kutoka kwenye kitabu cha fotokopi kilichohusu hesabu za serikali na za komini, yaani serikali ya mtaa, nilichokinunua barabarani kwa mama aliyekuwa akichana kurasa zake kufungia karanga. Kurasa arobaini za kwanza zilikuwa zimeshaondoka na karanga. Kilianzia kwenye sura ya ripoti ya mwisho wa mwaka, ile inayounganisha kila kitu, kwa hiyo niliijua ripoti kabla ya kuijua pesa yenyewe. Niliisoma sura hiyo mpaka nikaweza kuisema nikiwa nimefumba macho. Halafu nikaenda kwenye ofisi ya komini moja, sitaitaja ni ipi, nikaomba kufanya kazi bila malipo ili nijifunze. Papa Paluku, mhasibu wao, alinipa kalamu akaniambia nipige mistari kwenye ukurasa mtupu. Nilipiga mistari kumi na miwili. Akainyanyua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akanitazama na mimi. "Wewe mutoto, unaumwa?" aliniuliza. "Hii mistari hata mashini haifanye hivi." Kuanzia siku hiyo aliniita Mamzele Rula, Binti Rula.

Chumba chetu kilikuwa na meza mbili, dirisha moja lililotazama barabara, na sanduku la chuma la kijani lililokaa nyuma ya kiti chake. Ndani ya sanduku hakukuwa na pesa zilizolala pamoja. Kulikuwa na makopo manne ya maziwa ya unga, kila moja na kipande cha plasta ya hospitali kilichoandikwa kwa kalamu: JUMLA, SOKO, UJENZI, ZA WATU. Nilipoyaona mara ya kwanza niliona haya kwa niaba ya serikali. Papa Paluku aliniona nikiona haya. "Sikia," alisema, huku akigonga kifuniko cha kopo la kwanza. "Mwenye duka iko na pesa moja. Akiuza chumvi, akiuza sabuni, yote ni yake, anaweka mufukoni. Komini haiko duka. Hapa kila pesa inakumbuka kwenye ilitoka. Hii ya JUMLA ni kodi ya kila mutu, inalipa kazi ya kila siku. Hii ya SOKO mamas walitoa juu ya kitu moja tu. Hii ya UJENZI walituletea juu ya bomba la maji, likiisha, kopo linakufa. Na hii ya mwisho haiko hata yetu, tunawachungia benyewe tu." Baadaye sana nilikuja kugundua kwamba maelezo hayo, ambayo hayakuzidi dakika mbili, ndiyo yaliyokuwa kwenye zile kurasa arobaini.

Kopo la SOKO ndilo lililokuwa na kelele. Kila mama aliyeuza sokoni alilipa tiketi mbili asubuhi: nyeupe ya kawaida, na ya bluu, ndogo zaidi, ambayo baraza liliipitisha kwa ajili ya kujenga choo cha soko. Soko halikuwa na choo. Wanawake walikwenda nyuma ya ghala moja la mbao, kwa mtu aliyechimba shimo akazungushia mabati, na walimlipa. Kiongozi wao alikuwa Mama Zawadi, muuza viazi, mwanamke mpana mwenye sauti iliyofika chumbani kabla yake. Kila Ijumaa alikuja kuuliza, na mimi niliwasikia kutoka mezani kwangu bila kuinua kichwa.

"Papa Paluku, choo yetu imefika wapi?"

"Iko mu kopo, mama."

"Mu kopo! Basi utupatie iyo kopo, tukojoe mule, usitulipishe tena."

Wanawake waliomsindikiza walicheka wakishikana mabega. Papa Paluku naye alicheka, akafungua sanduku, akamwonyesha Mama Zawadi kopo. Alimwonyesha kila Ijumaa. Humo ndani kulikuwa na noti, na kulikuwa na karatasi. Karatasi hizo aliziita boni. Mishahara ilipochelewa na walinzi wakakaa wiki tatu bila kitu, burugumesta, yaani mkuu wa komini, aliamuru kopo la SOKO likopeshe kopo la JUMLA. Papa Paluku hakukataa, lakini pia hakutoa noti hata moja kabla ya kuandika boni: kiasi, sababu, tarehe, sahihi ya burugumesta, sahihi yake. Boni iliingia kwenye kopo mahali pa noti zilizotoka. "Hii karatasi nayo ni pesa," alimwambia Mama Zawadi, akiishika kwa ncha za vidole. "Komini inawadai... hapana, nasema vibaya, nyinyi njo munadai komini." Mama Zawadi aliipokea, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. "Mimi sisomi," alisema, "lakini nimeihesabu. Ni ya tatu." Mpaka mwezi wa Novemba zilikuwa saba.

Lazima niseme jinsi nilivyozichukia boni zile, vinginevyo yaliyofuata hayataeleweka. Saa sita mchana tulikula mezani. Mama Riziki, aliyefagia ofisi na kupika chai kwenye mbabula yake ya makaa barazani, alituletea maharagwe na ndizi, na siku nzuri sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga kwenye karatasi iliyolowa mafuta. Papa Paluku alikula huku anaandika. Kila boni ilikuwa na alama ya kidole chake cha mafuta, moja ilikuwa na mchuzi, nyingine iliandikwa nyuma ya karatasi ya mwaliko wa harusi. Kitabu chake cha kila kopo kilikuwa vilevile, mistari iliyopinda, makato, mishale. Mimi nikikosea tarakimu moja nilinakili ukurasa mzima upya. Nilikuwa nikiamka nimeuma meno. Kitabu changu cha fotokopi kilisema wazi kwamba katika ripoti ya pamoja, madeni kati ya mfuko mmoja na mwingine wa serikali ileile, yaani kopo na kopo, hufutwa, maana mtu hawezi kuwa na deni kwake mwenyewe. Nilipiga mstari chini ya sentensi hiyo mara mbili. Niliiona kama ahadi.

Mwanzoni mwa Desemba dada yake Papa Paluku alifariki Butembo, naye Papa akaenda kuzika. Aliniachia ufunguo wa sanduku. Siku zilezile burugumesta wetu alihamishwa, na ikajulikana kwamba mpya atakuja na wakaguzi, na kwamba ripoti ya mwaka lazima iwe tayari mezani. Papa Paluku alinipigia simu kutoka njiani, sauti ikikatika. "Andika tu rapore kidogo kidogo," alisema. "Usishike makopo. Nitarudi." Nilisikia vizuri. Sitasema simu ilikuwa mbaya. Nilisikia kila neno, na nikajiambia kwamba nikimaliza kila kitu yeye akiwa hayupo, kwa usafi ambao hajawahi kuuona, atarudi na kukuta kazi haina doa, na hatanitania tena. Nilinakili vitabu vyote vinne upya, kwa rula, kwa siku nne. Nilipofika kwenye boni nilifanya kile nilichoamini kitabu kinaamuru. Nilizifuta. Na ili kila kitabu kifunge bila deni, niliandika kwamba mfuko wa soko ulitoa pesa zile kwa mfuko wa jumla. Neno nililoandika lilikuwa hilo, ulitoa, si ulikopesha. Jumla ya ripoti ilitoka sawasawa mpaka franka ya mwisho. Nilipata raha ambayo sijaipata tena tangu siku hiyo.

Siku ya nne, mchana, boni saba zilibaki mezani na hazikuwa na mahali pa kuwa. Hazikuwa kwenye kitabu changu kipya, kwa hiyo hazikustahili kuwa kwenye kopo. Mama Riziki alikuwa barazani akilalamika kwamba makaa yamelowa na moto haushiki. Nilimpelekea boni, na vitabu vya zamani vya Papa Paluku pia, vyote vinne. "Hivi havina kazi?" aliniuliza. "Nimeshanakili," nilisema. Alivichana akavilisha mbabula. Moto ukashika mara moja, karatasi zile zilikuwa na mafuta mengi. Akanimiminia kikombe cha chai, nikanywa nikiwa nimesimama mlangoni, na nakumbuka niliongeza sukari.

Sasa najua kile ambacho mtu yeyote aliyesoma kurasa zile arobaini anakijua. Madeni yanafutwa kwenye karatasi moja tu, ile ya pamoja, inayotazama komini kwa mbali kana kwamba ni mtu mmoja. Kwenye vitabu vya makopo yanabaki, kwa sababu kopo si mtu mmoja na jingine. Mama anayelipa tiketi ya bluu hajalipa kwa komini yote. Nimeeleza jambo hili kwa vijana wanaokuja kujifunza kwangu, nimelieleza vizuri, nikitumia makopo matupu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza nililijuaje.

Papa Paluku alirudi Jumapili, wakaguzi wakafika Jumatatu asubuhi, hakupata hata nafasi ya kukaa. Chumba kilijaa. Burugumesta mpya alishika ripoti yangu akasema ni safi kuliko zote alizowahi kuona, nami nikainamisha kichwa kwa aibu ya furaha. Mkaguzi mmoja, mwanamke mwenye miwani, aliweka kidole kwenye mstari. "Mfuko wa soko ulitoa pesa kwa mfuko wa jumla mara saba. Ni nani aliruhusu? Pesa hii ina kazi yake." Mama Zawadi alikuwa mlangoni, amekuja na mfuko wa vishina vya tiketi za bluu, kwa sababu alisikia wakubwa wamefika. "Haikutoa," Papa Paluku alijibu taratibu. "Ilikopesha. Boni ziko mu kopo, saba." Akapiga magoti mbele ya sanduku, akalifungua, akatoa kopo la SOKO, akaondoa kifuniko. Aliingiza mkono. Akauzungusha ndani, kama mtu anayetafuta punje ya mwisho ya mchele. Kisha akatafuta kwenye makopo mengine matatu. Akatafuta vitabu vyake kwenye droo. Aligeuka akiwa bado amepiga magoti.

"Kahindo, boni ziko wapi?"

"Sijui, Papa."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimejaribu kuyakumbuka kwa namna nyingine, kwamba nilisita, kwamba nililia, kwamba nilianza kusema na mtu akanikata. Hapana. Nilijibu haraka, kwa adabu. Mlango wa barazani ulikuwa wazi na mbabula ilionekana pale nje. Papa Paluku alinitazama, akatazama vitabu vyangu vipya mezani, vinne, vya jalada la bluu. Halafu akainuka, akapangusa magoti ya suruali. "Basi ni mimi," aliwaambia wakaguzi. "Ufunguo ni wangu." Sijui hadi leo kama alijua. Burugumesta wa zamani alipigiwa simu aseme kama alisaini boni saba, na hakupokea, siku hiyo wala baadaye. Mama Zawadi aliuliza mara moja tu, "Na choo?" na mtu akamwambia asubiri nje.

Papa Paluku alisimamishwa kazi kabla ya Krismasi. Hawakumfunga, maana hawakuona noti hata moja nyumbani kwake, lakini sokoni na mitaani walisema Paluku amekula choo, na watoto waliyafanya maneno hayo wimbo. Januari nilipewa barua ya kuajiriwa, kwa sababu ya ripoti. Nilihamia kwenye kiti chake. Yeye alinunua mashine moja ya fotokopi, akaiweka chini ya mwavuli karibu na barabara ya Keshero, na nilipolazimika kupita nilipita upande wa pili. Mara moja aliniona. Aliinua mkono akaita, "Mamzele Rula! Habari ya kazi?" Nikasema nzuri. Nikaendelea kutembea kwa mwendo uleule, nikihesabu hatua.

Hayo yote nilikuwa nayo chini ya turubai la matanga, na daftari la michango magotini. Mama Solange alikuwa na bahasha mbili, ya jeneza na ya chakula. Fundi wa jeneza alikuja kudai kiasi kilichobaki na bahasha yake haikutosha. Mama Solange alitoa noti tatu kwenye bahasha ya chakula, akanipa ile bahasha. "Weka boni," alisema. Sikuelewa. "Weka karatasi mule, uandike jeneza imekopa chakula. Muzee alitufundisha hata hapa nyumbani. Hata pesa ya sukari ilikuwa na boni." Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walicheka kidogo, kicheko cha matanga, na mmoja akasema, "Ule muzee! Hata mbinguni ataomba sahihi ya Petro." Niliandika boni. Niliona kwamba nilikuwa nimeiandika kwa namna yake, kiasi kwanza, sababu, tarehe, na kwamba kidole changu kilikuwa na mafuta ya andazi nililopewa na kilikuwa kimeacha alama.

Alasiri wakaja wanawake wa soko, sita, na Mama Zawadi mbele. Amepungua sasa, anatembea akijishika kiuno. Alifungua fundo la kitenge chake akaniwekea noti juu ya daftari. "Andika, mamas ya soko, dola makumi tatu." Nikaandika. Hakuondoka. Alivuta kiti akakaa kando yangu, akishusha pumzi.

"Tulibishana kama tulete," alisema. "Bamoja banasema, mutu alikula choo yetu, tumuletee mchango juu ya nini?"

"Ukawajibu nini, mama?"

"Nikawaambia, mutu aliyekula choo haikai mu jua miaka sita kuuza fotokopi." Alifikiri kidogo. "Lakini zile karatasi zilikuwa saba. Nilizihesabu. Zilienda wapi, mimi sijui."

"Nilizichoma," nilisema.

Nilikuwa nimesubiri miaka sita nisikie sentensi hiyo itakavyokuwa, na ilikuwa ndogo, kama mtu anayetaja bei. Nilimweleza yote, kitabu kisicho na kurasa, vitabu vinne, mbabula, chai. Sikuruka pale Papa Paluku alipopiga magoti, nikasema pia nilichomjibu. Mama Zawadi hakunipiga wala hakupiga kelele. Alitazama mikono yake. Upande wa pili wa turubai mtu alianza wimbo wa kanisani na wengine wakaupokea, na alingoja ubeti uishe.

"Kiti yake ni weye uko nacho?"

"Ndiyo, mama."

"Na muhuri?"

"Uko kwenye mkoba wangu."

"Basi andika," alisema.

Nilijua anachosema. Nilijua pia kwamba karatasi hiyo ikifika kwa burugumesta, kiti sitakuwa nacho, na huenda zaidi ya kiti. Nilichana ukurasa mmoja katikati ya daftari, kwa mkono, bila rula, na ulichanika vibaya. Kiasi nilikikumbuka, boni kwa boni, zote saba. Niliandika kwamba mfuko wa soko ulikopesha, haukutoa. Kwamba boni ziliteketezwa na mimi. Kwamba Paluku hakuwa na kosa. Nikasaini. Nikapiga muhuri juu ya goti langu, ukatoka nusu, nikaupiga tena, ukatoka umepinda. Mama Zawadi aliipokea, akaigeuza upande wa pili, akairudisha.

"Tarehe haiko," alisema.

Ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa nimesahau tarehe. Nikaanza kuandika ya leo, akaweka kidole chake juu ya kalamu.

"Hapana. Andika ya siku ile ulichoma."

Nikaiandika. Sikuhitaji kufikiri. Akaikunja mara nne, akaifungia kwenye fundo la kitenge palepale zilipotoka zile noti, akainuka akijishika kiuno, na akaenda kukaa na wenzake waliokuwa wakiimba.